Kibali kinaisha saa sita usiku, lakini ya nchi gani?

Mto Kagera pale Rusumo si mpana. Lori lililobeba mchele wa Shinyanga huvuka daraja kwa dakika chache, na likifika ng'ambo linakuta saa imerudi nyuma. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa tatu mbele ya saa ya dunia, ile inayoitwa UTC. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ziko mbele kwa saa mbili tu. Dereva mzoefu hahitaji kukumbushwa. Saa tatu asubuhi ya Tanzania ni saa mbili asubuhi ya Rwanda, na hesabu hiyo anaifanya kichwani huku akitafuta makaratasi yake.

Anayehitaji kukumbushwa ni kompyuta, au tuseme mtu aliyeiandikia programu. Siku hizi karibu kila hatua ya biashara ya mpakani hupita ndani ya programu: tamko la forodha, cheti cha uasili wa bidhaa, bima ya kadi ya njano, kibali cha gari la kigeni, ujumbe wa pesa kwa simu, hesabu ya siku ambazo kontena limelala bandarini. Kila kimoja kina tarehe, na ndani ya tarehe hiyo mna fedha. Ikisomwa vibaya anayelipa ni mwenye mzigo, wala si mwandishi wa programu. Ndiyo maana namna lugha za kompyuta zinavyoshika tarehe na saa si jambo la kuachiwa mafundi peke yao. Mfanyabiashara ana haki ya kulielewa, na akilielewa atajua la kudai.

Lugha iliyoenea kuliko zote katika kurasa za mtandao ni JavaScript. Brendan Eich aliitengeneza kwa takriban siku 10 mwezi Mei 1995, akiwa katika kampuni ya Netscape. Kwa haraka hiyo, sehemu inayoshughulikia tarehe ilinakiliwa kutoka lugha nyingine iliyokuwa changa wakati huo, Java. Wenye Java waliona kasoro mapema. Kufikia mwaka 1997 walikwisha kuwashauri watu waache kutumia sehemu kubwa ya walichokiandika, na mwaka 2014, katika toleo la nane, wakaleta mpangilio mpya kabisa. JavaScript ikabaki na nakala ya kitu ambacho mwenyewe alikwisha kukitupa. Wauza mitumba wanaifahamu hali hiyo: shati limeacha kuvaliwa kwao, lakini huku bado liko kwenye kamba, na bei yake haijashuka.

Kasoro zenyewe ni za ajabu. Katika mpangilio huo miezi huhesabiwa kuanzia sifuri, kwa hiyo Januari ni 0, Julai ni 6 na Desemba ni 11, ilhali siku za mwezi zinaanza na 1 kama kawaida. Fundi akijisahau, Julai inakuwa Agosti. Ukiiomba tarehe 30 Februari 2025 haikatai kwamba siku hiyo haipo. Inakupa 2 Machi kimya kimya. Mtu aliyekopeshwa tarehe 31 Januari 2025 kwa mwezi mmoja, programu ikiongeza mwezi bila uangalifu, atajikuta deni lake linaiva 3 Machi badala ya mwisho wa Februari. Mkopaji atafurahi mpaka atakapoona riba ya siku tatu alizoongezewa bila kuomba.

Kisha kuna tarehe zinazoandikwa kwa mikwaju. Kuanzia Mombasa hadi Bukavu, 01/07/2025 ni siku ya kwanza ya mwezi wa saba. Kwa Mmarekani ni siku ya saba ya mwezi wa kwanza, na JavaScript ikipewa maandishi hayo huyasoma kama Mmarekani. Cheti kilichotolewa 1 Julai kinaonekana kimetolewa 7 Januari, na kama muda wake ni miezi michache basi kimekwisha kabla hakijatumika. Jambo baya zaidi ni kwamba kosa hili lina majira. Tarehe 13 na kuendelea mashine haiwezi kugeuza, maana hakuna mwezi wa 13, hivyo inagoma waziwazi na fundi anaitwa. Ni zile siku 12 za mwanzo wa mwezi ambazo husomwa kinyume bila kelele yoyote. Mfumo ukijaribiwa tarehe 20, mafundi watashughulikia mgomo wa siku hiyo, pengine kwa kiraka, na wanaweza kuondoka bila kujua kwamba kila tarehe 5 ya mwezi inasomwa vingine.

Hata hivyo, kosa linalostahili kusemwa kwa sauti kubwa kuliko yote ni la usiku wa manane, kwa sababu linaziuma nchi zilizo mashariki ya saa ya dunia kwa namna ambayo mwandishi wa programu aliyekaa London anaweza asiione kabisa.

Ndani ya kompyuta, wakati ni hesabu ya sekunde tu, au ya vipande vya sekunde, tangu tarehe 1 Januari 1970 ilipoanza kwa saa ya dunia. Hesabu hiyo haina nchi. Nchi inaingia pale inapogeuzwa kuwa tarehe ya kusomwa na binadamu. Sasa chukulia wakala wa forodha mjini Kampala anachagua kwenye kalenda ya programu tarehe 7 Machi. Programu inaielewa kuwa saa sita usiku, mwanzo wa 7 Machi, saa za Kampala. Kwa saa ya dunia wakati huo bado ni 6 Machi, saa tatu usiku. Kuna amri moja ya JavaScript inayogeuza wakati kuwa maandishi sanifu ya kimataifa, na kila mara huandika kwa saa ya dunia. Mafundi wengi huitumia, hukata herufi 10 za mwanzo ili wabaki na tarehe peke yake, na kuihifadhi. Kilichohifadhiwa ni 6 Machi. Wakala alichagua 7 na skrini ilimwonyesha 7, lakini daftari la mfumo lina 6.

London wakati wa baridi saa yao ni sawasawa na saa ya dunia, kwa hiyo fundi wa huko akijaribu jambo hilohilo mwezi Januari anapata jibu sahihi. New York iko nyuma ya saa ya dunia, na usiku wao wa manane, ukigeuzwa, unabaki katika tarehe ileile. Wa huku wanapoteza siku. Lori lililofika Malaba saa saba usiku linaandikwa jana. Saa tatu za mwanzo wa kila siku, na saa mbili kwa Kigali na Bujumbura, zinaishi katika tarehe ya jana kila mfumo unapoandikwa hivyo. Nazo ndizo saa ambazo malori mengi ya mizigo yako barabarani.

Kiswahili, kwa bahati njema, kilikwisha kulimaliza tatizo hili kabla kompyuta hazijaja. Kwa hesabu ya wenyewe, siku huanza jua linapotua, kwa hiyo mtu wa pwani akisema usiku wa Ijumaa huenda anakusudia usiku ambao wengine wanauita wa Alhamisi. Ili pasiwe na ubishi ikapatikana kauli ya "usiku wa kuamkia Ijumaa". Magazeti huitumia kila siku katika habari za ajali na moto. Hati za mpakani hazina kauli kama hiyo. Zinasema tu kwamba kibali kitakwisha tarehe fulani, bila kusema ni mwanzo wa siku hiyo au mwisho wake, wala saa sita usiku hiyo ni ya upande upi wa daraja.

Mfano wa gharama ni tarehe 1 Julai. Hiyo ni siku ya kwanza ya mwaka wa fedha wa serikali za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na mabadiliko mengi ya ushuru huanza kutumika siku hiyo. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, mzigo wa Kigali unaweza kuwa bado uko bandarini Dar es Salaam huku tamko lake likiingizwa katika mfumo wa Rwanda. Tuseme wakala amekesha na kulituma dakika 30 baada ya saa sita usiku. Dar es Salaam ni 1 Julai. Kigali ni dakika 30 kabla ya saa sita, na bado ni 30 Juni. Kwa saa ya dunia ni 30 Juni vilevile, saa tatu na nusu usiku. Ushuru wa zamani au mpya? Mwanasheria atasema tamko limeingia Rwanda, basi saa ya Rwanda ndiyo inayotawala, na jibu hilo lina mantiki. Lakini risiti ya benki iliyolipiwa Dar es Salaam inaonyesha 1 Julai, na mkaguzi atakayekuja miaka miwili baadaye ataona karatasi mbili za muamala mmoja zenye tarehe mbili, kila moja ikiwa ya mwaka wake wa fedha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, tena mawili, na bado mali inaweza kupotea.

Saa zenyewe nazo zina mtego wa pili. Waswahili huhesabu saa tangu kucha, na hawako peke yao: Kinyarwanda, Kirundi na Kiganda huhesabu hivyohivyo, na Waethiopia pia. Wakati mmoja asubuhi pale Rusumo una majina matano: saa tatu kwa mdomo wa Mtanzania, saa mbili kwa mdomo wa Mnyarwanda, 09:00 kwenye skrini ya upande huu, 08:00 kwenye skrini ya upande ule, na 06:00 ndani ya tumbo la seva. Wenye mazoea hawapotei. Anayepotea ni mama anayepokea ujumbe kwa Kiswahili usemao mzigo utakaguliwa "saa 9:00", kwa sababu mfasiri ametafsiri maneno akaacha tarakimu. Yeye anasoma saa tisa, anafika alasiri, na mkaguzi amekwisha kuondoka. Tarakimu za Kizungu zikitanguliwa na neno la Kiswahili haziwi Kiswahili. Ni heri ujumbe uandikwe kwa saa 24, bila neno "saa", kisha maneno kamili yafuate: 09:00, yaani saa tatu asubuhi, saa za Tanzania. Ni mrefu kidogo. Gharama ya herufi hizo ni ndogo kuliko gharama ya nyanya zilizolala.

Wapo wanaosema dawa ni moja tu: Jumuiya nzima ifuate saa moja. Wazo hilo linavutia likisemwa mkutanoni Arusha. Lakini tangu Kongo ilipojiunga mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, Jumuiya imetanda kutoka Kinshasa hadi Mogadishu, nyuzi 30 za longitudo, ambazo kwa mwendo wa jua ni saa mbili kamili. Kinshasa ikifuata saa ya Nairobi, watu wake wataliona jua likichomoza karibu saa mbili asubuhi kwa saa ya ukutani. Hakuna sababu ya kumwamsha mtoto wa shule gizani ili programu ya forodha ipate urahisi. Kongo yenyewe, nchi moja, ina saa mbili, ya Kinshasa na ya Lubumbashi, nayo inaendesha serikali. Kazi ya kuzioanisha saa hizo ni ya mashine, na mashine inaiweza ikiandikwa vizuri.

Kuandikwa vizuri kunaanza na kuacha tabia ya kuandika "jumlisha tatu" ndani ya programu. Saa za nchi ni uamuzi wa serikali, na serikali hubadilisha uamuzi. Sudan Kusini ilikuwa saa tatu mbele ya saa ya dunia hadi ilipofika 1 Februari 2021. Siku hiyo ikarudi nyuma saa moja, na tangu hapo Nimule na Elegu, zinazotazamana mpakani, zinaishi katika saa mbili tofauti. Ipo orodha ya dunia nzima ya mambo haya, iliyoanzishwa na Arthur David Olson miaka ya 1980 na sasa inasimamiwa na Paul Eggert, ambayo huandika kila mahali kwa jina la mji: Africa/Nairobi, Africa/Juba, Africa/Lubumbashi. Badiliko la Juba liliingizwa humo siku chache kabla ya tarehe yenyewe. Programu iliyotumia jina la mji na kupokea orodha mpya ilivuka usiku ule salama. Iliyoandika "jumlisha tatu" iliendelea kujumlisha tatu. Kwa anayependa historia, orodha hiyohiyo inakumbuka kwamba mwishoni mwa miaka ya 1930 Nairobi ilikuwa mbele ya saa ya dunia kwa saa mbili na dakika 45, kwa hiyo anayedhani saa za eneo hili zimekuwa hivi tangu Adamu amekosea.

Siku za kazi ni mlango mwingine wa hasara, nao hauhusu saa kabisa. Mkataba ukisema "ndani ya siku tano za kazi", ni siku za kazi za nani? Tazama wiki ya mwisho wa Juni. Tarehe 30 Juni ni sikukuu ya uhuru wa Kongo. Tarehe 1 Julai ni ya uhuru wa Rwanda na Burundi. Tarehe 4 Rwanda inaadhimisha ukombozi wake, na tarehe 7 Tanzania ina Saba Saba. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi asubuhi Rwanda iko kwenye Umuganda. Idd nayo hufuata mwandamo wa mwezi, kwa hiyo haiwezi kufungiwa ndani ya programu mwaka mzima kabla. Hata jina la siku halisaidii: Jumatatu, kwa jina lake, ni ya tatu tangu Jumamosi, kwa kipimo cha kimataifa ni siku ya 1 ya wiki, na JavaScript inaipa 1 pia, lakini kwa sababu nyingine, maana yenyewe inaanza kuhesabu Jumapili kuwa 0. Mfumo unaohesabu siku za kuhifadhi mzigo sharti uwe na kalenda ya nchi mzigo ulipo, na mteja aonyeshwe siku zipi zimehesabiwa, moja moja, kwenye ankara.

Zana za kuepuka haya zipo. Java iliyapanga vizuri tangu 2014. Python tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020 inabeba ndani yake njia ya kutumia majina ya miji. JavaScript nayo hatimaye imepata mpangilio mpya unaoitwa Temporal, ambao kivinjari cha Firefox kilianza kuwa nao mwaka 2025. Uzuri wa Temporal ni kwamba inatenganisha vitu vitatu ambavyo mpangilio wa zamani uliviviringa pamoja: wakati wenyewe, yaani ile hesabu isiyo na nchi, tarehe tupu isiyo na saa, kama siku ya kuzaliwa, na saa ya mahali fulani palipotajwa kwa jina. Kibali kinachoisha 30 Juni ni kitu cha tatu, kwa sababu lazima kiwe kinaisha mahali. Fundi akikihifadhi kama kitu cha kwanza bila jina la mahali, amekwisha kupoteza habari ambayo hakuna atakayeweza kuirudisha.

Kwa hiyo vyama vya wafanyabiashara na vya mawakala vinapokaa na mamlaka za forodha, au na kampuni zinazowauzia mifumo, viwe na madai mahususi mkononi. Mwezi uandikwe kwa herufi katika kila hati inayovuka mpaka: 1 Julai, si 01/07. Muda wa mwisho utaje saa na mji: hadi 30 Juni, 23:59, saa za Kigali. Risiti ya malipo ionyeshe saa ya mahali palipolipwa na saa ya mahali hati inapotumika, zote mbili. Na kabla mfumo haujapokelewa, ujaribiwe hadharani kwa tarehe zilizo ngumu: tamko litumwe dakika 30 baada ya saa sita usiku, saa za Dar es Salaam, kuamkia 1 Julai; mkopo wa mwezi mmoja utolewe 31 Januari; cheti kiandikwe tarehe 5 ya mwezi; lori livushwe Elegu kwenda Nimule, na saa ya kuingia isionekane imetangulia saa ya kutoka bila maelezo.

Mpaka hayo yafanyike, mfanyabiashara mdogo anayetumia cheti rahisi cha uasili kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 hana mwanasheria wala fundi wa kumtetea dirishani. Ana simu. Picha ya skrini wakati wa kutuma, na picha ya hati mara inapotoka, zitamsaidia kuliko maneno. Na kwenye daftari lake, pembeni ya kila malipo, aandike mji aliokuwa amesimama alipolipa.